Nyumba Isiyochunguliwa na Isiyofungiwa: Mwongozo wa Kupanga Uso wa Nje wa Nyumba Lubumbashi

Maswali ni yale yale, na huulizwa kila mtu anapoanza kujenga katika mitaa ya Lubumbashi kama Golf, Kalubwe na Kasapa, au pembeni kabisa mwa mji, kwenye Komini Annexe. Ukuta wa lupango, yaani wa kiwanja, uwe na mita ngapi? Nikiweka madirisha makubwa ya vioo, wapita njia hawataona mpaka mezani? Barza (baraza la kuketi) iangalie wapi? Na jirani akipandisha etaji, yaani ghorofa, nitafanya nini? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio ambao kazi yenyewe inapaswa kuufuata, maana wengi huanzia mwisho: hujenga ukuta kwanza, tena mrefu, kisha huuliza kwa nini sebule ina giza na kwa nini bado wanaonekana.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote. Faragha haitokani na urefu wa ukuta. Hutokana na kujua jicho linasimama wapi na wewe unakaa wapi, kisha kuweka kizuizi kati yenu, karibu zaidi na wewe kuliko na jicho. Anayelifahamu hilo anaweza kuifungua nyumba yake kwa bustani, kwa upepo na kwa jua la asubuhi bila kuwa tamasha la mtaa mzima.

Uwe navyo hivi kabla ya kuanza

- Nakala ya hati ya lupango pamoja na mchoro wa kadastre, yaani ofisi ya upimaji wa ardhi. Hakikisha mawe ya mpaka yameonekana ardhini, si kwenye karatasi tu.
- Kibali cha kujenga, au angalau majibu ya ofisi ya urbanisme (mipango miji) kuhusu umbali unaotakiwa kati ya nyumba na barabara na kuhusu urefu wa ukuta unaokubaliwa mtaani kwako. Nenda ukaulize wewe mwenyewe. Usitegemee neno la fundi.
- Futi ndefu ya mita 30, vigingi, kamba, chokaa, pimamaji, timazi na dira. Dira ya simu inatosha, mradi usiishike karibu na vyuma.
- Viti viwili, ngazi, fito tatu za mita 3, shuka mbili kuukuu na tochi.
- Karatasi ya miraba, kalamu ya risasi na rula.
- Msaidizi mmoja wa kimo cha kawaida, mwenye subira.

Panga pia majira. Kupima, kuchimba msingi na kujenga ukuta kunafaa kiangazi, kati ya Mei na Septemba. Kupanda wigo kunafaa mvua zikishashika, yaani Novemba. Anayejenga ukuta Januari huku mvua zikimwagika hulipa kazi hiyo mara mbili.

Hatua ya 1. Chora lupango na kila kinachouzunguka

Pima pande zote na uchore kwa kipimo cha sentimita moja kwa mita moja. Ndani ya mchoro weka kisima, shimo la choo, miti iliyopo na mahali pa tanki. Nje ya mpaka weka barabara, lango la jirani wa ng'ambo, madirisha ya juu ya majirani, na kila njia ya miguu ambayo watu huikata.

Andika pia tofauti ya kimo kati ya barabara na kiwanja. Wengi hulisahau hili. Barabara zetu huinuka kila zinapomwagiwa changarawe, na baada ya miaka michache mpita njia husimama nusu mita juu ya sakafu ya ua wako. Ukuta unaopimwa kutoka ndani utakuwa mfupi ukitazamwa kutoka nje.

Ikiwa lupango una kichuguu, kitie kwenye mchoro kwa upana wake wote. Vichuguu vya mkoa wetu wa Katanga ya Juu si vya mchezo: vingine hupita mita 4 kwa kimo, na kitako chake ni kipana kuliko chumba cha kulala. Kukibomoa na kufyatulia matofali udongo wake ni desturi nzuri na ya akiba. Kosa ni kupitisha msingi wa ukuta nusu juu ya mahali kilipokuwa na nusu juu ya ardhi ngumu, kwa sababu udongo uliojazwa utashuka polepole na ukuta utapasuka pale pale ardhi hizo mbili zinapokutana. Chimba mpaka upate ardhi ambayo haijaguswa, au usogeze ukuta ikiwa mpaka unaruhusu.

Hatua ya 2. Tafuta macho

Kila jicho lina kimo chake. Mpita njia wa kawaida hutazama kutoka mita 1.6 hivi juu ya ardhi anayokanyaga. Kichwa chako ukiwa umeketi hufika karibu mita 1.2. Mtu aliyesimama dirishani kwenye etaji ya kwanza, yenye sakafu ya mita 3, hutazama kutoka karibu mita 4.5.

Weka kiti mahali unapowazia barza, uketi kama utakavyoketi siku ya Jumapili, kisha mwambie msaidizi atembee polepole barabarani, kwenye kona, na mbele ya lango la jirani. Kanuni ni nyepesi: ukiyaona macho yake, naye anakuona. Kila anapoonekana mwite asimame, pima alipo, na uchore mstari kutoka kwake mpaka kwenye kiti. Rudia zoezi hilo mahali pa dirisha la sebule, mahali pa chumba cha kulala na mahali pa kuogea watoto nje.

Ukimaliza, mchoro utakuwa na sehemu zenye mistari mingi na sehemu zisizo na mstari hata mmoja. Hizo za pili ndizo hazina yako. Kwa kawaida huwa nyuma ya nyumba au ubavuni, mahali ambapo watu wengi humalizia kwa kuweka jenereta na rundo la matofali yaliyobaki.

Ikiwa kiwanja cha jirani bado ni kitupu, usikihesabu kuwa salama. Chukulia kwamba atajenga etaji, tena dirisha lake litakuwa mita 3 kutoka mpakani. Asipojenga, umepata faida.

Hatua ya 3. Andika jua na upepo kwenye mchoro huo huo

Nadharia hapa ni fupi, lakini usiiruke. Lubumbashi iko karibu nyuzi 11.7 kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Mwezi wa Juni, saa sita mchana, jua hukaa upande wa kaskazini kwa kimo cha nyuzi 55. Mwishoni mwa Oktoba na katikati ya Februari hupita utosini. Desemba huwa upande wa kusini, lakini juu sana, nyuzi 78.

Maana yake kwa mjenzi ni hii. Uso wa kaskazini ndio bora kwa barza na vioo vikubwa: Juni na Julai, ambapo usiku baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10, utapata jua la kuota; na Oktoba, joto linapokuwa kali, jua litakuwa juu ya paa na si usoni pako. Uso wa kusini unahitaji upenu wa sentimita 60 tu ili ukuta mzima wa chini ya mita 3 uwe kivulini mchana wa Desemba. Uso wa magharibi ndio adui. Jua la saa kumi alasiri, Septemba na Oktoba, huingia kwa mlalo, na upenu hauwezi kulizuia. Upande huo weka bafu, stoo, ngazi, madirisha madogo au klostra (bloki zenye matundu), na mti mnene mbele yake.

Upepo wa kiangazi hutoka zaidi kusini-mashariki, ukibeba vumbi, na Agosti huleta pia moshi wa nyika zinazochomwa. Kwa hiyo jiko la nje na mbabula (jiko la makala, yaani makaa) vikae kaskazini-magharibi mwa mahali pa kuketi, ili moshi wa makala uende zake badala ya kuwapitia wageni.

Hatua ya 4. Ugawe lupango kwa wageni na kwa wenyeji

Nyumba nyingi za zamani za mjini zilikaa katikati ya bustani, zikiwa na barza pana mbele na wigo mfupi barabarani. Mpango huo ulifaa wakati viwanja vilikuwa vikubwa na barabara zilikuwa tulivu. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30, ukiiweka nyumba katikati utabaki na vipande vinne vyembamba vya ardhi, na hakuna hata kimoja kinachotosha kuweka meza ya watu wanane. Isogeze nyumba kuelekea upande mmoja, au uijenge kwa umbo la herufi L, ili nafasi yote iliyobaki ikusanyike mahali pamoja na kuta za nyumba yenyewe ziwe kizuizi.

Kisha fikiria jinsi tunavyoishi. Mgeni wa dakika kumi hapokelewi sebuleni, hupokelewa barzani. Kwa hiyo inafaa kuwa na barza ndogo ya mbele, inayoonekana kutoka langoni, ambapo mtu huketi, hunywa maji na kusema haja yake, na barza kubwa ya ndani ambapo mama anaweza kuchambua mboga, watoto wakafanya masomo, na baba akavua viatu bila kusalimiwa na kila apitaye. Usilinganishe lango na mlango wa sebule kwenye mstari mmoja. Sogeza mmoja mita mbili pembeni, au jenga ukuta mfupi wa kupindia njia, ili lango likifunguliwa jicho ligonge maua au matofali na si runinga yako.

Acha pia sehemu moja tupu karibu na lango, yenye sakafu ngumu. Siku ya kilio, ya harusi au ya maombi, watu hawahesabiki na mahema yanahitaji mahali; familia iliyojaza ua wote vibustani vya mawe hulazimika kuwakalisha watu barabarani. Lango la gari liwe na upana wa mita 3.5, kwa kuwa lori la mchanga na gari la maji havijui kujikunja.

Hatua ya 5. Pima kizuizi kabla ya kukijenga

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tufanye hesabu pamoja. Tuseme dirisha la etaji ya jirani liko mita 12 kutoka kwenye kiti chako cha barzani, na ukuta wa mpaka uko mita 3 kutoka kwenye dirisha hilo. Jicho liko mita 4.5 juu, kichwa chako mita 1.2. Mstari kati yao hushuka mita 3.3 katika umbali wa mita 12, sawa na sentimita 27.5 kwa kila mita.

Unapofika juu ya ukuta wa mpaka, mstari huo bado uko karibu mita 3.7 kutoka ardhini. Ukuta wa mita 3, ambao umekugharimu matofali na simenti ya kutosha chumba kizima, haufichi kitu. Sasa tazama mita 2 tu mbele ya kiti chako: hapo mstari umeshuka mpaka mita 1.75. Kiambaza chepesi cha mita 2, cha mbao, cha klostra au cha mimea inayotambaa, kinakuficha kabisa. Ukisimama kichwa chako kitaonekana, lakini sidhani kama kuna jirani atakayepata habari kutoka kichwani peke yake.

Usiamini hesabu peke yake. Simika fito mbili mahali pa kiambaza, tandika shuka katikati yake kwa urefu uliokusudia, kisha panda ngazi upande wa jirani, kwa ruhusa yake, au mwombe akupeleke dirishani kwake. Shuka ni ya bure. Isogeze mbele na nyuma, ipandishe na kuishusha, mpaka upate kizuizi kidogo kuliko vyote kinachofanya kazi. Ziara hiyo ina faida nyingine: jirani aliyeshirikishwa mapema hakasiriki sana siku ya kujenga.

Hatua ya 6. Jenga ukuta wa lupango, lakini usiufanye gereza

Kwa upande wa barabara iliyo sawa na ua, ukuta mzima wa mita 1.8 tayari umepita jicho la mpita njia. Juu yake ongeza safu mbili au tatu za klostra ili hewa na mwanga vipite. Ikiwa barabara iko juu zaidi, ongeza tofauti uliyoipima katika hatua ya 1.

Chimba msingi wa sentimita 60, au zaidi mpaka ukute ardhi ngumu. Weka nguzo za zege zenye nondo kila mita 3, na mkanda wa zege juu ya ukuta wote. Kila baada ya mita 2 au 3, chini kabisa, acha tundu la maji la sentimita 10 kwa 10 na ulizibe kwa waya wa nyavu ili panya wasipite. Fundi atakuambia matundu hayo yanaharibu sura ya ukuta. Usimsikilize: mvua kubwa ya Januari hugeuza ua uliozibwa kuwa bwawa, na maji yanayosukuma ukuta kutoka ndani ndiyo yanayouangusha, mara nyingi usiku, mara nyingi juu ya njia ya watu. Yaelekeze maji hayo kwenye mfereji, si kwenye lango la jirani wa chini.

Klostra zina siri ndogo. Tundu la upana wa sentimita 10 kwenye bloki yenye unene wa sentimita 10 huonyesha ndani kwa yule tu anayesimama karibu usawa nalo; anayepita pembeni kwa mshazari zaidi ya nyuzi 45 huona simenti tupu. Kwa hiyo hufaa sana kando ya njia ambayo watu huipita bila kusimama. Hazifai mbele ya kituo cha taxi au duka, ambapo watu husimama na kutazama. Bloki nene zaidi huficha zaidi.

Onyo kuhusu wezi. Ukuta mrefu uliozibwa pande zote humkinga hata mwizi, kwani akishaingia hakuna jirani atakayemwona. Taa nzuri, lango imara, mbwa na majirani wanaoweza kuona paa na barza ya mbele ni ulinzi bora kuliko mita ya nne ya matofali.

Hatua ya 7. Panga madirisha kwa kila uso

Upande wa barabara, inua kizingiti cha dirisha mpaka mita 1.7 kutoka sakafu ya ndani. Dirisha la namna hiyo, refu kwa mlalo na fupi kwa wima, huleta mwanga mpaka darini na halionyeshi mtu hata akisimama. Katika chumba ambacho watu huketi tu, mita 1.5 inatosha. Kuelekea ua wa ndani, fanya kinyume: shusha kioo mpaka sakafuni, panua mlango kadiri mfuko unavyoruhusu, na sakafu ya sebule ikaribiane na ya barza.

Usidanganywe na vioo vya kuakisi. Mchana, nje kukiwa na mwanga kuliko ndani, huficha vizuri. Usiku, ukiwasha taa, mambo hugeuka: wewe unaona sura yako mwenyewe, na walio nje wanaona kila kitu. Vioo hivyo bado vinahitaji pazia.

Milango ya kusukuma ya aluminiamu ni mizuri, ila reli zake hujaa vumbi jekundu kuanzia Julai. Chagua reli unayoweza kufagia kwa brashi. Vyuma vya madirisha viwe na mistari michache na ya wima, maana maua mengi ya chuma hukuzibia bustani yako mwenyewe. Na katika kila chumba cha kulala, chuma cha dirisha moja kiwe na bawaba na komeo la ndani. Moto ukizuka, vyuma visivyofunguka ni mtego.

Hatua ya 8. Jenga barza inayokalika

Kina cha barza kisipungue mita 2.5, mita 3 ni bora. Barza ya mita 1.5 ni njia ya kupitia, kwani ukiweka kiti na meza, mtu wa tatu hana pa kupita. Ukining'iniza upenu kwa kimo cha mita 2.4 upande wa kaskazini, jua la mchana wa Juni litaingia mita 1.7 ndani ya barza. Wenye baridi watakaa mbele, wenye kusoma watakaa nyuma kivulini.

Sakafu iinuliwe angalau sentimita 15 juu ya ua na iteremke kuelekea nje, sentimita 2 kwa kila mita. Sakafu ya sebule iwe sentimita 2 juu ya barza mlangoni. Ukizilinganisha sawasawa kwa kuiga picha za nyumba za nchi zisizo na mvua kama zetu, utafagia maji sebuleni kila Desemba.

Nguzo za mbao zisigusane na udongo kamwe. Zisimamishe juu ya vitako vya zege vyenye kimo cha sentimita 20, kwa kishikio cha chuma, na kagua kila mwezi kama mchwa wamechora njia zao za udongo juu yake. Ukipenda payote (kibanda wazi) ya nyasi bustanini, iweke mbali na mbabula na mbali na ukuta ambao watoto wa jirani huchomea takataka nyuma yake.

Rangi ni suala la mwenye nyumba. Ila chini, sentimita 50 za kwanza, paka rangi ya udongo au acha matofali wazi, kwa sababu mvua itarusha matope jekundu hapo hata kama umepaka nyeupe ya bei ghali.

Hatua ya 9. Panda kizuizi kinachoishi

Bugenvilia ina miiba, hustahimili kiangazi na hupanda juu ya waya au klostra kwa haraka. Iache mita moja kati ya shina na shina na uikate kila baada ya msimu wa mvua. Mwembe na mwavoka (mparachichi) hubaki na majani mwaka mzima, hivyo hufaa mbele ya dirisha la etaji ya jirani. Usiweke mwembe karibu na ukuta wa barabara, isipokuwa unapenda mawe yanayorushiwa maembe yaangukie mabati yako. Jakaranda ni uzuri wa mji huu, lakini hupukutisha majani kiangazi, kabla ya kuchanua, na kukuacha wazi wakati ule ule unapoketi nje jioni. Ipande kwa ajili ya macho, si kwa faragha. Mikalitusi na mikuyu ya mapambo iwe mbali na kisima, shimo la choo na misingi.

Kuna tahadhari ya mahali. Kaskazini-magharibi mwa kiwanda cha kuyeyushia shaba, kilichoanza kazi 1911, katika mitaa kama Gécamines na Penga Penga, moshi wa miaka mingi uliacha madini udongoni, na miche mingi hudumaa bila mtu kuelewa sababu. Ukijenga huko, chimba mashimo mapana, ondoa udongo wa juu, ujaze udongo safi uliochanganywa na samadi, na ufunike ua kwa nyasi au mawe ili watoto wasicheze kwenye vumbi tupu. Mboga zako zipande kwenye vitalu vilivyoinuliwa, vyenye udongo ulioletwa kutoka kwingine.

Hatua ya 10. Rudia jaribio usiku

Washa taa zote, fungua mapazia, kisha toka wewe mwenyewe uzunguke barabarani. Unachokiona ndicho wanachokiona. Taa za barza zielekezwe chini na ziwe nyuma ya boriti. Taa iliyo nyuma ya mtu humchora kivuli kwenye pazia kwa undani wa kushangaza. Taa ya bustani iliyowekwa nje ya kiambaza, ikiangaza majani, hufanya jicho la nje lisimame kwenye majani na lisipenye ndani.

Mambo yakienda kombo

*Ukuta ulishajengwa mita 3 na ndani ni giza.* Upake mweupe upande wa ndani, nao utarudisha mwanga nyumbani. Isipotosha, mwashi anaweza kuondoa matofali ya sehemu ya juu kati ya nguzo mbili na kuweka klostra, bila kugusa nguzo wala mkanda.

*Jirani amepandisha etaji baada ya mimi kumaliza.* Rudi hatua ya 5 na shuka yako. Karibu kila mara jibu ni kiambaza karibu na kiti, na mti wa majani ya kudumu kwa baadaye. Ongezeko la ukuta ni jibu la mwisho.

*Ukuta una ufa wa mshazari au umeinama.* Shusha timazi kutoka juu. Ikiwa mwinamo unaonekana kwa macho, wazuie watoto na wapita njia kusogea karibu, uubomoe kwa utaratibu na uujenge upya juu ya msingi sahihi. Kuziba ufa kwa plasta ni kuficha ugonjwa. Ikiwa ufa ni mwembamba na ukuta umesimama wima, weka alama ya kalamu na tarehe kwenye ncha zake, na uangalie baada ya msimu mmoja wa mvua kama umesogea.

*Maji yanatuama barzani.* Mwaga ndoo moja uone yanakokimbilia. Bonde dogo husawazishwa kwa tabaka jipya la simenti lenye mteremko. Sakafu iliyoinamia nyumba haina dawa ila kung'olewa na kumwagwa upya.

*Barza ina mbu wengi jioni.* Anza kwenye mifereji ya mabati na kwenye vitako vya vyungu kabla ya kulaumu miti. Kisha punguza matawi ya chini ili upepo upite.

*Vumbi la Agosti linaingia kila mahali.* Ziba klostra za upande wa kusini-mashariki peke yake, kwa mimea inayotambaa, na mwagia kokoto kwenye njia ya gari badala ya kuiacha udongo mtupu.

*Wigo ni mnene juu na mtupu chini, watu wanaona miguu.* Ulipandwa na kuachwa urefuke bila kukatwa. Mvua zinapoanza, ukate mpaka sentimita 40 kutoka ardhini, tia samadi, na kila unapoongeza sentimita 30 uukate tena kidogo ili utoe matawi ya pembeni. Kwa msimu huo, tandika mikeka ya matete juu ya waya mpaka majani yashike.